Mayai ya Mwalimu Mwanzia

Kungoja kunachosha kuliko kulima. Nimefanya yote mawili, najua ninachosema. Ukilima unachoka mgongo, lakini jioni unaona shamba limegeuka rangi. Ukingoja unachoka mwili mzima na jioni huna cha kuonyesha.

Tangu nimzike mume wangu Ndegwa, kazi yangu ilikuwa kungoja. Siku ya kliniki ya presha kule Parklands navaa koti, nakumbatia mkoba, naketi kwenye stuli karibu na geti letu hapa mtaa wa Satellite, namngoja Kiragu. Kiragu ndiye kifunguamimba wangu. Anafanya kazi katika ofisi huko mjini, ofisi yenye mikutano mingi kuliko kanisa. "Mami, natoka sasa hivi," huniambia kwa simu. Hiyo sasa hivi yake nimewahi kuifumia sweta, mwili na mikono yote, na bado hajafika.

Na nyuma yangu, muda wote huo, imeegeshwa pikapu ya Ndegwa. Pikapu ya bluu, iliyobeba kabichi mpaka watoto wakamaliza shule. Imekaa tu, inanitazama mgongo.

Siku moja Kiragu akaja akaniambia amepata mnunuzi, mtu anaitwa Mungai.

"Mami, gari lisilotembea linaoza."

"Na likitembea?"

"Litatembezwa na nani?"

"Na mimi."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nikampa kitambaa ajipanguse. Alipoona mimi sicheki akajikohoza. "Sawa basi. Mungai anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo ukiitoa hapo mpaka kwenye lami na urudi, siuzi." Alisema kwa ile sauti ya kumwambia mtoto kwamba akimaliza uji atanunuliwa ndege.

Uji nikaanza kuunywa. Nikaenda kujiandikisha shule ya udereva.

Mwalimu wangu aliitwa Mwanzia, kijana wa tumbo la kuridhika na sauti ya kubembeleza. Kwanza alinifundisha kwenye ubao uliochorwa mji, wenye vigari vya plastiki unavyosukuma kwa kidole. Hapo nilikuwa moto. Niliingia raundabauti, nikatoka, nikaegesha, na sikumgonga mtu, labda kwa sababu watu hawakuchorwa. "Shosho, wewe ni dereva wa kuzaliwa," Mwanzia akasema, maana vijana wa hapa bibi kama mimi humwita shosho. Nikamwamini. Mtu wa umri wangu akisifiwa haulizi maswali.

Kisha tukaingia barabarani. Tulikuwa wanafunzi wawili kwa gari moja: mimi na Beryl, msichana wa saluni mwenye kucha ndefu kama za kunguru. Mmoja akiendesha, mwingine anakaa nyuma na mayai.

Ndiyo, mayai. Mwanzia alifuga kuku, na wateja wake walikuwa kila pembe ya Nairobi. Trei zilijaa kiti cha nyuma, na masomo yetu yalikwenda mayai yalikokwenda.

"Mwalimu, leo tunasoma nini?" nilikuwa namuuliza.

"Karen."

"Karen ni mtaa, si somo."

"Shosho, Karen ni barabara. Barabara ni somo."

Kesho yake somo ni hoteli ya katikati ya mji, keshokutwa ni Parklands, kwa mama mmoja anayeoka keki. Mwalimu yuko kwenye simu kutoka tulipoanza mpaka tunapofika. "Zimetagwa leo asubuhi, mama, bado ziko joto," anamwambia mteja, na mimi trei hiyo nimezunguka nayo tangu Jumatatu. Akipata nafasi ananigeukia. "Kushoto, shosho. Kushoto. Ile ingine."

Nikimuuliza kwa nini tunaweka gia ya pili, anasema, "Sikiliza gari."

"Linasema nini?"

"Linasema gia ya pili."

Nilirudi nyumbani nimechoka, na sijui nimechoka kwa nini. Miguu haikuniuma hata kidogo. Kila nilipotaka kukanyaga klachi niliikuta imeshaanza kushuka yenyewe. Breki vilevile. Nilidhani ndivyo magari yalivyo. Ndegwa alikuwa akisema gari humzoea mwenyewe, kama punda anavyozoea njia ya mtoni, na mimi nikasema moyoni, hili limenizoea mapema. Nilijisifu hata kwa kina mama wa kwaya. Niliwaambia gari nikiliendesha linateleza kama uji. Wakasema amina.

Basi, juma lile la mwisho, somo likawa Karen tena. Tulisimama mbele ya geti kubwa la nyumba moja. Mwanzia akachukua trei mbili, akaingia ndani kwa miguu, akaniacha kwenye usukani. Beryl alikuwa nyuma. Punde gari refu jeusi likaja nyuma yetu likitaka kuingia. Askari wa geti akanijia.

"Mama, sogeza hiyo gari kidogo."

Nikamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayesogeza magari kila siku. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote. Gari likaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto, likazima. Nikawasha tena. Likaruka tena, likazima. Nyuma Beryl anapiga kelele, "Mayai, shosho! Mayai!"

"Mama," askari akasema, "kwani dereva wako ameenda wapi?"

"Dereva ni mimi."

Akaitazama ile L nyekundu ya mwanafunzi, akanitazama mimi, akatazama juu mbinguni. Mwishowe yeye na Beryl walilisukuma kwa mikono mpaka pembeni, mimi nikiwa ndani nimeshika usukani, nimekaa wima kama malkia.

Beryl aliporudi alikuwa akihema. "Shosho, kwani hukujua? Mwalimu ako na pedali zake huko upande wake. Ni yeye huendesha. Sisi tunashika stering tu."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahia sana, shosho. Halafu mi nimechoka. Hii ni shule yangu ya pili. Ile ingine mwalimu alikuwa anauza mitumba."

Nikainama nikachungulia upande wa Mwanzia. Kweli, pedali zilikuwepo, zimeng'aa kwa kukanyagwa. Za upande wangu raba zake bado zilikuwa na mistari kama zimetoka dukani leo.

Sikukasirika. Kukasirika kunataka nguvu. Niliketi tu nikatazama ua wa watu wa Karen uliokatwa vizuri, nikaona jambo moja wazi: muda wote huu nilikuwa bado nangoja. Nilikuwa nimebadilisha stuli tu. Hii ya sasa ina usukani. Na Jumamosi ilikuwa karibu, na pikapu ya marehemu haina pedali za mwalimu.

Mwanzia akatoka, anapiga mluzi. Akaingia, akatuona nyuso zetu, mluzi ukakatika.

"Mwalimu," nikamwambia, "hayo mapedali ni ya nini?"

"Ah, hizo ni za usalama, shosho."

"Usalama wa nani?"

Akajikuna shingo. "Nikikuachia klachi gari linaruka. Likiruka, wewe unajua kile kiko hapo nyuma."

"Kwa hivyo wiki hizi zote ulikuwa unayahurumia mayai, si mimi."

"Nawahurumia wote, shosho."

"Na mtihani?"

"Mtihani ni kilima kidogo na kuegesha. Utapita tu."

"Na siku inayofuata?"

"Hiyo sasa ni yako na Mungu."

Beryl akasonya huko nyuma. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa peremende, nikaimenya polepole. "Mwihaki, mwenye hii shule, tunaimba naye kwaya," nikasema. "Ana pua kali sana, Mwihaki. Juzi ameniuliza mbona siku hizi nanuka kuku na sifugi. Bado sijamjibu."

Peremende ikaanza kuisha mdomoni.

"Shosho, unataka nini?"

"Weka miguu juu ya kiti."

"Aje?"

"Ikunje. Kama unaota moto."

"Na mayai?"

"Yabaki. Yakivunjika tutajua nimekosea wapi."

Basi tukatoka Karen hivyo, mwalimu amekunja miguu juu ya kiti, magoti yamefika kidevuni, na mimi nikiwa peke yangu na klachi kwa mara ya kwanza maishani. Gari likaruka. Nyuma kukasikika kitu kama mtu anakanyaga majani makavu.

"Moja," Beryl akasema.

Likaruka tena.

"Nne. Ngoja. Tano."

"Woi, shosho!" Mwanzia akalia. "Usiachilie ghafla! Inua mguu polepole. Polepole, mpaka usikie gari linatetemeka. Umesikia? Hapo! Ngoja hapo hapo, usiinue wala usishushe. Ngoja. Sasa mafuta kidogo. Kidogo, mama yangu, kidogo!"

Gari likatembea. Likatembea bila kuruka, kama ng'ombe anayejua anakwenda kukamuliwa. Na nilichosikia mimi si injini. Nilimsikia Mwanzia akifundisha. Kumbe alijua! Kila kitu alikuwa nacho tumboni, na hakuna aliyekuwa amempa sababu ya kukitoa. Nilishindwa nicheke au nilie, nikachagua kutazama mbele, maana kulikuwa na lori.

Siku zilizobaki tulikwenda hivyohivyo. Mwalimu miguu juu, akipiga kelele kwa ajili ya mayai yake, na sisi tukijifunza. Simu alizima mwenyewe. Beryl naye zamu yake ilipofika alivunja mengi kuliko mimi. Alisema si hasara, kiini ni dawa ya nywele, na kweli akakusanya kwenye chupa akaenda nayo saluni. Nilikuwa narudi nyumbani paja la kushoto linatetemeka na sketi ina madoa. Nilichoka. Lakini huo ulikuwa uchovu wa jembe, nikaulaza kitandani nikalala nao vizuri.

Jumamosi ikafika. Mungai alikuja mapema, mtu mfupi mwenye kofia, akaegesha gari lake mlangoni pa geti kama aliyekwisha kununua na ploti. Akaizunguka pikapu akiyapiga teke matairi. Kiragu alikuwa ameleta fundi siku iliyotangulia akaiwasha, kwa hivyo ilikuwa hai. Aliyeamini kwamba mimi nitaiendesha ndiye alikuwa haba.

Nikapanda. Kiti kilikuwa bado na shimo la Ndegwa. Nikawasha, nikainua mguu. Pikapu ikaruka, ikazima. Si gari la Mwanzia hili. Klachi ya Ndegwa ilikuwa ngumu, na ilishikia mahali pengine kabisa. Nikawasha. Ikazima. Mara ya tatu ilitoa moshi, na Mungai akajikohoza kwa heshima, kama mtu aliye matangani.

"Mami," Kiragu akasema dirishani, na sauti yake haikuwa na dharau, hilo ndilo lililoniuma. "Shuka basi. Umejaribu."

Goti liliniuma. Niliitazama ile stuli karibu na geti. Ilikuwa mahali pake, inanijua.

"Ingia," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Mwanafunzi haendeshi bila mwenye leseni kando yake. Ingia, na umwambie Mungai asogeze gari lake, ananizibia njia."

Mungai akalisogeza huku anatabasamu. Kiragu akaingia, akafunga mkanda, akaukaza tena.

Nikainua mguu polepole. Polepole zaidi ya nilivyofundishwa, maana mguu wa Ndegwa ulikuwa mzito na gari lilikuwa limeuzoea huo. Polepole, mpaka pikapu nzima ikaanza kutetemeka. Nikangoja hapo hapo. Mimi na kungoja tunajuana. Mafuta kidogo. Kidogo.

Tukatoka getini.

Tulikwenda kwa mwendo wa jeneza, na kuku wawili walitupita. Lakini tulikwenda. Nikasikia kitu kinasugua chini, nikamtupia Kiragu jicho: miguu yake yote miwili ilikuwa inasukuma kapeti, inatafuta breki.

"Hapo hakuna kitu, mwanangu," nikamwambia. "Nimeshaangalia."

Tulifika kwenye lami. Nikageuza kwa kwenda mbele na nyuma mara nyingi, magari yakinipigia honi pande zote, na mmoja akatoa kichwa dirishani kunitukana, alipoona mvi akasema, "Pole, shosho." Tukarudi. Kiragu aliacha kusukuma kapeti tulipokaribia nyumbani. Akapangusa uso kwa mkono.

"Kliniki yako ni lini tena, Mami?"

"Jumanne."

"Mpaka upate leseni nitakuwa nakaa hapa kando. Nitaomba ruhusa."

"Usichelewe basi. Mimi nitakuwa natoka sasa hivi."

Getini tulimkuta Mungai. Alikuwa amechoka kusimama, akajiketisha kwenye stuli yangu, kofia mapajani, anatungoja. Kiragu akashusha kioo. "Mungai, samahani sana. Haiuzwi."

Mungai akaanza kuinuka. Nikamwambia akae tu kwanza, apumzike, nikishuka nimpikie chai na mayai. Nilikuwa nayo mengi ya Mwanzia, yale yasiyouzika, na karibu yote yalikuwa na nyufa. Lakini kushuka sikushuka mara moja. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unatetemeka, nikauacha utetemeke mpaka ukachoka wenyewe.