Baada ya Kikao

Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, nilisikia jina langu likitajwa. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kulitaja hadi kesho yake.

Ninaishi Chuno, chumba na sebule, peke yangu tangu mke wangu Halima afariki. Nilikuwa mtunza ghala la korosho hapa Mtwara hadi nilipofikisha miaka hamsini. Masomo ya jioni yakanifundisha kuandika programu za kompyuta, na Mungu akanifungulia mlango wa kazi katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam. Wenzangu wako huko. Mimi niko na kompyuta mezani, natengeneza sehemu ya programu itakayopokea uzito wa korosho kutoka mizani za kijiji cha Ziwani. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio.

Kikao chetu kilikuwa cha simu, dakika kumi na tano, hazizidi. Modesta, kiongozi wetu, aliondoa salamu ili kuokoa muda. Kila mtu alijibu mambo matatu: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, una kikwazo gani.

"Mzee Bwanali."

"Jana nilikuwa na mizani. Leo naendelea na mizani. Kikwazo hakuna, alhamdulillah."

"Huyu mzee hana kikwazo tangu azaliwe," alisema Elia, kijana anayependa utani. "Mzee, tuombee na sisi."

"Elia, zamu yako," alisema Modesta.

Kikwazo kilikuwepo. Mtandao ulipokatika na kurudi, mzigo mmoja uliandikwa mara mbili. Nilihangaika nao siku na siku. Lakini ningesemaje? Kwetu ukiulizwa hali unajibu salama, hata kama nyumba imeungua jana. Shukrani hutangulia. Shida husemwa baadaye, mwenzako akikaa na kukuuliza tena: na afya, na huko nyumbani? Hapo ndipo unasema, "Salama, ila..." Modesta hakuwa anauliza tena. Alikuwa ameshamwita mwingine. Nami nilimwachia Mungu katika kila sala, nikidhani hiyo ndiyo subira.

Alhamisi Modesta alitangaza, "Kuanzia Jumatatu, asiye na kikwazo ataandika ujumbe tu. Kikaoni waingie wenye vikwazo. Mzee wangu, wewe utapumzika."

"Bahati yako, mzee," alisema Elia. "Utakunywa chai kwa raha."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika.

Alasiri ile, baada ya sala, sikuinuka kwenye msala. Nilimkumbuka Halima asubuhi yake ya mwisho. Nilimuuliza nikiwa mlangoni, viatu mguuni, "Umeamkaje?" Akasema, "Salama, ila kifua..." Nikamwambia atanieleza nikirudi, kwa kuwa lori lilikuwa linanisubiri ghalani. Niliporudi sikumkuta. Nilimwomba Mungu msamaha, kama ninavyomwomba siku zote. Kisha nikaona kwamba Jumatatu watu wa Ziwani wangeanza kupima kwa programu yangu, nayo ni mbovu, huku mimi nikisema salama.

Ijumaa nilipoitwa nilisema, "Nina kikwazo. Leo kina siku kumi."

"Siku kumi, mzee?" aliuliza Modesta. "Na kila siku unasema hakuna."

"Nilianza na shukrani, mwanangu. Nikangoja uulize tena."

Hakucheka mtu. "Hapa si mahali pa kutatua," alisema Modesta, sauti imeshuka. "Elia, baki na mzee baada ya kikao. Ziwani nitawaambia wasubiri wiki moja."

Elia alibaki saa nzima. Tuliona kosa: programu ilikuwa inaupa mzigo namba wakati wa kutuma, kwa hiyo ukitumwa mara ya pili ulipata namba mpya. Tukaifanya itoe namba pale pale kwenye mizani.

"Kumbe ni hiki tu," alisema Elia. "Siku kumi umekificha kama mchumba."

Nilicheka kwa sauti, hata nikajishangaa. Kwa saa ile nyumba yangu ilikuwa na watu wawili.

Jumatatu sikuwa na kikwazo. Ilipofika saa tatu niliandika, "Sina kikwazo, alhamdulillah," na safari hii ilikuwa kweli. Utaratibu ni ule aliousema Modesta. Kabla sijatuma, niliongeza: "Ila nyumba ni kimya sana."

Hakuna aliyejibu. Walikuwa kikaoni. Niliweka simu mezani nikachukua tasbihi. Saa tatu na dakika kumi na saba simu iliita.

"Shikamoo mzee," alisema Elia. "Nimebaki baada ya kikao."