Nyumba Iliyoandikwa Sufuri

Karani wa utafiti alipobisha hodi, mkaza mwana alikuwa akisugua masufuria uani, nusu ya uso wake ikiwa imefichwa kwa mtandio. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi sebuleni akichambua mchele, alimkaribisha mgeni na kumwonyesha kiti kilicho imara. Kile kingine kilikuwa kimevunjika mguu, wala hakikuvunjika kwa kukaliwa.

Karani, binti mwenye kishikwambi mkononi na vumbi viatuni, alieleza kwamba serikali inataka kujua ni watu wangapi wameumizwa kwa makusudi katika kila mkoa: waliopigwa, waliochomwa visu, walionyang'anywa kwa nguvu. Mkoa utakaoonekana kuumia zaidi utajengewa nyumba ya kuwahifadhi wanaokimbia vipigo.

Masikio ya mkaza mwana yalifika mlangoni kabla ya miguu yake.

"Na mnamwuliza nani?"

"Mmoja tu katika kila nyumba, dada. Mashine ndiyo inayochagua, si mimi."

Majina ya watu wazima wa nyumba yakaingizwa kwenye mashine: mama, mwanawe aliyekuwa fundi wa kushona viti vya magari na wakati huo yuko kazini, na mke wa mwanawe. Mkaza mwana alikitazama kile kishikwambi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Maneno alikuwa nayo siku nyingi. Alichokosa ni wa kumwuliza.

Kidole kikagusa kioo. "Bibi, ni wewe."

"Haiwezi kurudiwa?" aliuliza mkaza mwana.

"Nikirudia nitafukuzwa kazi. Halafu, samahani dada, utupishe kidogo. Anayeulizwa lazima awe peke yake."

Kabla hajaufunga mlango wa uani, mkaza mwana alimtazama mkwewe, na mkwewe alilielewa jicho lile: Mama, nisemee.

Tangu ndoa ile ifungwe, mama mkwe alilala upande wa pili wa ukuta. Makelele yalipoanza alikuwa akikohoa kwa nguvu, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa utetezi wake wote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Juu ya aibu ya mwana hawakutunga methali. Leo, alijiambia, nitasema.

"Katika mwaka uliopita, kuna mtu aliyekupiga?"

"Mimi? Hapana. Lakini katika nyumba hii..."

"Aliyekutishia kwa silaha?"

"Hapana. Binti yangu, tulia unisikilize. Mwanangu anampiga mkewe. Kile kiti unachokiona pale kilivunjikia mgongoni mwake."

Karani aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu mwenye huruma na kibarua cha muda.

"Pole sana, bibi. Lakini hapa hapana mahali pa kuandika hilo. Naandika yaliyokupata wewe tu."

"Basi andika kwamba nimepigwa mimi."

"Umepigwa?"

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumvumilia hata mtoto mdogo aliposema uongo, aliokota kijiwe mcheleni, akakitupa.

"Hapana," alisema.

"Asante, bibi. Tumemaliza. Nambari yangu hii hapa, ukikumbuka lolote."

Wiki chache baadaye, fundi alirudi kula chakula cha mchana, akakuta shati lake halijakauka. Mama mkwe aliusikia mlango wa chumba ukibamizwa. Safari hii hakukohoa. Aliingia, akasimama katikati yao, na ngumi iliyokuwa imekwisha kuanza safari yake ikatua shavuni mwa mama.

"Mama! Umefuata nini humu?"

"Nimefuata haki ya kujibu," alisema, akatoka akiwa ameushika mkono wa mkaza mwana.

Alimpigia simu karani. Sauti ya binti yule ilikuwa ya upole.

"Ugua pole, bibi. Lakini utafiti umekwisha kufungwa. Nyumba yenu ilishapelekwa makao makuu."

"Ikiwa na nini?"

"Sufuri, bibi."

Matokeo yalisomwa redioni asubuhi moja, wakati wa chai. Mkoa wao ulikuwa na majeruhi wachache kuliko yote, na mkuu wa mkoa akawapongeza wananchi kwa kupendana. Nyumba ya hifadhi ingejengwa kwingine, mbali.

"Mmesikia?" alisema fundi, akichovya mkate. "Watu wanatuonea wivu kwa amani yetu."

Mkaza mwana alitoka chumbani na begi lake. Mama mkwe akaliinua lake, lililokuwa limefungwa tangu jana.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu, kwenye mkoa uliotia fora kwa vipigo. Huko angalau wamehesabiwa."

"Mama, wewe ni mama yangu. Majirani nitawaambia nini?"

Mama mkwe alizima redio kwanza, kisha akaliweka begi begani.

"Waambie kama redio ilivyosema. Humu hakuna aliyepigwa. Basi na aliyeondoka pia hakuna."