Baraka za Kamyoneti ya Bluu

Mwaka ule wa 1968 hapakuwa na mtu Masisi asiyejua kwamba Papa Callixte anataka kununua kamyoneti, gari dogo la kubebea mizigo. Kama hukusikia kutoka kwake mwenyewe, ulisikia kutoka kwa mtu aliyekuwa anamkimbia. Alizungumzia kamyoneti shambani, akaizungumzia sokoni, akaizungumzia mbele ya kanisa watu wakitoka misa, mpaka majirani wakimwona kwa mbali wanakumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni.

Tusimcheke sana lakini, maana sababu alikuwa nayo. Maharagwe yake na fromaji, yaani jibini, za mke wake zilikuwa zinashuka mpaka Mpofi, kule Walikale, juu ya lori la kukodi, na mwenye lori alikuwa mtu wa kuondoka siku anayotaka yeye. Mzigo ulilala njiani, mvua ikaunyeshea, maharagwe yakaanza kuota ndani ya magunia. Callixte alikuwa amechoka kuuza miche badala ya maharagwe.

Kamyoneti mpya zilikuwa zinaletwa na Bwana Edmond, muuzaji wa duka moja la Goma, mwanamume mwenye maneno matamu na viatu vinavyong'aa. Huyo alikubali kulipwa kwa ng'ombe, kwa sababu kule mjini wachinjaji walikuwa wanawagombania. Ila ng'ombe wenyewe hawakuwa wa Callixte. Walikuwa wa mke wake Mukandori, aliyepewa na baba yake ndama wa kwanza akamlea mpaka akawa kundi, na wakati wa vita ni maziwa ya ng'ombe hao yaliyowafanya watoto wake waone asubuhi. Mukandori hakukataa. Alisema neno moja tu, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, akiwa anakamua, wala hakugeuza kichwa.

"Papa Annonciata, ng'ombe nitatoa. Lakini ile moteri ikikufia mu pori ya Walikale, utaikamua?"

Neno lile likamkaa rohoni. Ng'ombe Callixte alimjua: unamfungua mdomo, unatazama meno, unampapasa ngozi, unamtembeza uone miguu, kisha unauliza mama yake alikuwa wa namna gani. Sasa moteri, hiyo injini ya gari, utaifungua mdomo wapi? Siku moja aliomba kutazama chini ya boneti ya gari la mtu, akainama huku mikono ikiwa mgongoni, akasema "Eee," akasimama wima. Hakuwa ameona kitu.

Basi akaamua kuuliza ukoo. Atawaendea watu wenye kamyoneti za bluu za aina ileile ya Bwana Edmond, awaulize kama moteri zao zina afya. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu yeyote wa vilima vile angelifanya, kwa kuwa kwetu hakuna anayemharibia ng'ombe jina, hasa akiwa wake. Hata akiwa amebaki mifupa na mkia, utamsifu, maana kesho huenda ukataka kumuuza. Callixte alisahau kwamba wenye magari nao wamezaliwa kwenye nyumba zenye ng'ombe.

Evode wa Kashuga aliisifu yake mpaka mate yakamkauka. Haijawahi kumsumbua, haijui kuugua, inapanda kilima ikiimba. Nyumba ya Evode ilikuwa bondeni, karibu na kijito, lakini kamyoneti haikuwa pale. Ilibidi wapande wote wawili, jasho likiwatiririka, wakaikuta juu kabisa chini ya mikaratusi, imeelekezwa bondeni, jiwe kubwa limewekwa mbele ya gurudumu. Callixte aliuliza mbona inakaa mbali hivyo na nyumba. Evode alimjibu kwamba kule juu inapata upepo mzuri. Callixte akaona ni akili.

Straton naye, aliyekaa karibu na soko la Masisi, alimpandisha mpaka kwenye mteremko nyuma ya misioni. Yake pia ilikuwa na jiwe. Alisema anaiweka pale ili watu waione wakienda kusali, na hilo Callixte alilielewa upesi sana, kwa sababu yeye mwenyewe angefanya vilevile. Akarudi nyumbani akipiga mluzi, akamwambia mke wake kwamba ukoo mzima hauna ugonjwa. Mukandori akamwamini. Alikwenda kuchagua kamba za kuwatolea ng'ombe.

Siku ya kuletewa gari, lupango, ua wa nyumba, lilifagiliwa tangu alfajiri. Callixte alikuwa amesawazisha kwa jembe kipande cha ardhi mbele ya mlango, akakizungushia majani ya mgomba, ndiyo makao ya kamyoneti. Ng'ombe walifungwa kwenye uzio. Mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, ulikaa katikati na mirija yake, na kila mtu alijua maana yake: muuzaji na mnunuzi wakishainywa pamoja, hakuna tena wa kurudisha neno, iwe ni ng'ombe, iwe ni nini. Majirani walikuja wote. Katekista Kanyamibwa alikuja na chupa ya maji ya baraka na kanzu iliyopigwa pasi.

Honi ikalia chini kwenye kona, watoto wakakimbia. Ee bwana, ilikuwa nzuri. Bluu ile! Callixte akawa anatazama pembeni watu wasimwone machozi. Lakini Bwana Edmond hakuingia lupangoni. Alipita majani ya mgomba kama hayaoni, akapanda mpaka ukingo wa juu wa njia, akageuza, akasimamisha gari likiangalia chini. Kisha akashuka na jiwe mkononi. Halikuwa jiwe la pale. Lilikuwa jeusi, lenye vitundu, jiwe la volkano la Goma. Mtu alikuwa amesafiri na jiwe lake.

Hapo Callixte akaona mikaratusi ya Evode. Akaona mteremko wa Straton. Kumbe kamyoneti hizi haziwaki mpaka ziteremke kwanza.

Wengine hawakuona kitu. Walikuwa wanasifu rangi. Mukandori alikuwa ameshaanza kumfungua ng'ombe wa kwanza, anamnong'oneza kama anavyomnong'oneza siku zote. Callixte angeweza kunyamaza, tena alitamani kunyamaza. Masisi yote si ni vilima? Nani atakosa mteremko hapa? Ila kule Walikale barabara inalala sawa katikati ya msitu, tope pande zote, na moteri ikizimika huko hutapata kilima hata cha kukodi. Na akinyamaza, vicheko vyote ambavyo majirani wangemcheka leo atakuwa ameviepuka kwa kulipa ng'ombe ambao si wake. Aliona aibu kwa kufikiria hivyo, ndipo akapaza sauti.

"Bwana Edmond, uingize gari mu lupango. Katekista hawezi kubariki kitu yenye kuinama."

Bwana Edmond alicheka, akasema maji ya baraka yanajua kupanda mlima. Kanyamibwa hakucheka. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yaende kwa utaratibu, akasema kitu kinabarikiwa nyumbani kwake. Basi gari likashuka, likaingia kwenye majani ya mgomba, moteri ikibaki inanguruma. Kanyamibwa akafungua kinywa, akakifunga. Akaomba moteri izimwe. Bwana Edmond akamhakikishia kwamba Mungu anasikia hata kwenye kelele. Kanyamibwa akajibu kwamba Mungu anasikia, wakristo hawa ndio hawasikii.

Bwana Edmond aliwatazama ng'ombe, akautazama mtungi, akageuza ufunguo. Moteri ikazima.

Kanyamibwa hakuwa mtu wa sala fupi. Aliombea magurudumu, akaombea madaraja, akaombea abiria, akaombea watu wa Walikale, akaombea hata wasiokuwa na gari. Callixte naye alisali, ila hakujua aombe nini, iwake au isiwake, kwa kuwa moyo wake ulikuwa unataka yote mawili.

Baada ya amina, Bwana Edmond akaingia garini. Moteri ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena, ikakohoa kidogo kuliko mwanzo. Akafungua boneti, akapuliza mahali, akasema ni joto la kupanda mlima tu, ikipoa itakubali. Mtu mmoja akauliza inachukua muda gani kupoa. Bwana Edmond akasema inategemea. Kisha, kwa tabasamu lake lilelile, akavuta mtungi, akasema wasikae bure, wanywe huku wanangoja.

Callixte akaweka kiganja juu ya mdomo wa mtungi.

"Hapana, Bwana Edmond. Hii hatutaikunywa, mimi na wewe."

"Papa Callixte, iko moto tu!"

"Ndio hiyo nasema. Kule kwenye nataka kuipeleka, iko moto kila siku."

Kisha mtu akaanza kucheka, na Callixte, baada ya miezi yote ile ya kusumbua watu, akasimama katikati ya majani yake ya mgomba akachekwa. Mwishowe walilisukuma gari wote, katekista na kanzu yake, mpaka mteremkoni, likawaka. Bwana Edmond hakuthubutu kusimama kuaga. Alipunga mkono dirishani, akapotelea kwenye kona. Majirani wakauliza kama pombe sasa haina ubaya, wakainywa.

Callixte alimkuta mke wake kwenye uzio. Alikuwa anamrudisha yule ng'ombe wa kwanza kwenye kamba.

"Mama Annonciata, niliona ile jiwe kabla ya baraka. Ningenyamaza, hakuna mwenye angejua."

"Nilikuona ukiiona," alisema Mukandori. "Nilikuwa nangojea utafanya nini."

Akafunga fundo, akalivuta kuona kama limekaza.

"Kesho ushuke Mpofi. Kule hakuna kilima. Gari yenye utakuta inalala mbele ya mulango ya mwenyewe, uulize iliuzwa wapi, ununue ya namna ileile. Usirudi kuniuliza."