Viazi vya Msibani

Pichi ikishachovywa katika maji ya moto hujivua ngozi yenyewe, kama mtoto anayevuliwa soksi akiwa usingizini. Jumamosi zetu za mwisho wa kiangazi zote zilikuwa hivyo: Mama anachovya, mimi namenya, na Baba, aliyetuzidi sote kwa subira, anapanga vipande ndani ya chupa, mgongo wa kila kipande ukitazama nje ili chupa ipendeze rafuni. Siku ile simu yake ililia. Alijifuta mkono kwenye suruali, akasikiliza, na kipande alichokuwa amekishika kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Hakukiokota.

"Ndiyo, Rais," alisema. "Hapana, sijaona." Kisha: "Ndiyo. Ni mwanangu."

Aliyepiga alikuwa Rais Stubbs, daktari wa meno aliyesimamia kata zote za kanisa letu katika upande wetu wa bonde la Sanpete. Baba alikuwa askofu wa kata moja kati ya hizo, kazi isiyo na mshahara. Riziki yetu ilitoka kwa bata mzinga. Na kaka yangu Anders, aliyekuwa akiishi mji wa Provo, nje ya bonde, alikuwa ameandika jambo mtandaoni. Bonde zima lilikwisha kulisoma, isipokuwa Baba, ambaye simu yake ilijua kupiga na kupokea tu.

"Nisomee, Maren," aliniambia.

Sauti yangu ni ndogo hata siku njema. Siku ile Mama alilazimika kuzima jiko ili anisikie. Anders aliandika kwamba tangu utotoni alionyeshwa picha ya Nabii wetu wa kwanza, mwanzilishi wa kanisa, ameketi mezani, kidole juu ya mabamba ya dhahabu yenye maandiko yetu matakatifu, akiyatafsiri mstari kwa mstari kama mwanafunzi mwenye kamusi. Kumbe watu waliokuwa karibu naye walieleza jambo jingine: jiwe dogo limewekwa ndani ya kofia, na Nabii ameinamisha uso wake humo, akisoma maneno jiweni. "Kwa nini hatukuambiwa?" aliandika. "Nimedanganywa tangu nina miaka mitano."

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma haraka, nikitumaini itapita. Haikupita. Aliyewafundisha watoto wa miaka mitano katika kata yetu, miaka yote ile, alikuwa Baba.

Namkumbuka darasani, amekaa juu ya kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni. Alikuwa amefunika mfuniko wa bati la biskuti kwa karatasi ya dhahabu, na kila mwaka alimchagua mtoto mmoja awe Nabii. Mwaka wa Anders, Anders alishika nafasi hiyo akagoma kumpisha mtu. Aliweka kidole juu ya bati, akakunja uso.

"Haya, inasema nini?" Baba alimuuliza.

"Inasema tule."

Baba alikisimulia kisa hicho katika kila karamu ya familia, mpaka Anders akaanza kunyoa ndevu na kumwomba aache.

Sasa aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chuoni. "Hilo la jiwe ni kweli?"

"Ni kweli, Baba. Makao makuu ya kanisa yenyewe yameliweka kwenye tovuti yake. Hata picha ya jiwe ipo."

"Tangu lini?"

"Miaka kadhaa."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia. Aliinuka, akaitungua kofia yake ya kazi pale mlangoni, akarudi kuketi, akaiweka mapajani na kuinamisha uso ndani yake. Tulimtazama, mvuke wa pichi ukituzunguka.

"Dell," Mama alisema hatimaye, "unaona nini humo?"

"Giza," sauti ikatoka kofiani. "Na bata mzinga."

Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki, nami nikacheka. Baba alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu. Mama akaliwasha tena jiko.

Alasiri vyakula vikaanza kuja. Kwetu sisi, shida ya mtu hujibiwa kwa bakuli la kuokea. Wa kwanza kufika alikuwa Dada Nedra Olsen, kiongozi wa akina mama wa kata, mikononi amebeba viazi vya msibani: viazi vilivyokwaruzwa, jibini, krimu nyingi, na juu yake konfleksi zilizovunjwavunjwa. Hivyo hupikwa watu wakitoka makaburini.

"Nani amekufa?" Mama aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Verda. Ila sikujua mtoto akiandika mtandaoni watu hupeleka nini."

Nyuma yake akaja mwingine na viazi vilevile, kisha mwingine. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na kesho yake ilikuwa Jumapili ya kufunga ya kila mwezi, nasi tulikwisha kuanza kufunga tangu mlo wa mchana, kwa hiyo friji yetu ilijaa chakula ambacho hakuna mtu nyumbani mle aliyeruhusiwa kukigusa. Paka peke yake ndiye aliyeona maana ya msiba huo.

Jua lilipokuwa likizama Rais Stubbs alikuja mwenyewe, na karatasi iliyokunjwa.

"Kaisome kesho kanisani kabla ya shuhuda," alisema. "Watu wanaogopa, Dell. Wanataka kumsikia kiongozi wao."

Baba aliisoma akiwa amesimama. Ilitutaka tujiepushe na sauti za mtandaoni zinazobomoa imani, na tusisambaze maneno yao. "Hii inamwita adui," alisema.

"Haimtaji jina."

"Kila atakayekuwa kwenye benchi atalitaja moyoni."

Rais alitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyemziba meno kabla hajaenda misheni kuhubiri. Nilikataa malipo, hata asante. Unadhani nimefurahi kuja hapa?"

"Sidhani, Rais," Baba alisema kwa upole, akamfungulia mlango.

Jumapili ya kufunga hakuna mhubiri. Askofu hufungua kwa ushuhuda wake, kisha mwenye kuguswa hupanda mimbarini, na karibu kila mmoja huanza kwa neno lilelile: ninajua. Ninajua kanisa hili ni la kweli. Hata watoto hulisema, wakinong'onezewa na mama zao. Mimi sikuwahi kupanda. Kila mwezi nilikaa nikiwa nimebana mikono kati ya magoti, nikiogopa lile neno.

Baba aliikunjua karatasi juu ya mimbari. Aliitazama. Akaikunja tena.

"Ninajua," alisema, kisha akakwama. "Nimefundisha watoto wenu kwa picha. Picha ilikuwa nzuri, lakini haikuwa sahihi, nami sikujua. Mwenye swali aje ofisini kwangu. Majibu huenda yakapungua. Viti vipo."

Akakaa. Rais Stubbs, aliyekuwa nyuma yake, alitazama viatu vyake mpaka wimbo wa mwisho. Tulipotoka alimshika Baba mkono na hakuuachia mara moja.

"Nitapigiwa simu nyingi kwa ajili yako, Dell."

"Wape namba yangu."

Kutoka kanisani tulikwenda Provo na bakuli la Dada Nedra mapajani mwangu, limepashwa moto, linanukia, na matumbo yetu yakinguruma kwa zamu. Anders alifungua mlango. Alikuwa amekonda. Alilitazama bakuli.

"Nani amekufa?"

"Kata inadhani ni wewe," Mama alisema, akampita na kuingia kutafuta sahani.

Baba aliomba, tukafungua. Alizungumza habari za bata mzinga, za gurudumu lililopasuka, za pichi zilizokuwa ndogo mwaka ule. Anders alisubiri hotuba. Mwisho akaweka uma chini.

"Sema tu, Baba. Najua wamekutuma."

"Hakuna aliyenituma."

"Mimi sirudi."

"Sijasema urudi."

Hajarudi kanisani mpaka leo. Baba amekwisha kupumzishwa uaskofu, na mikono ya Mama ikichoka, Anders ndiye anayechovya pichi mwisho wa kiangazi, huku Baba akimkaripia kwamba maji hayajachemka. Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba tulikuwa mlangoni tukiaga, na Baba alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi kama mtu anayetafuta ilipoanzia.

"Uliiuliza dunia nzima, Anders," alisema. "Watu usiowajua, hawajawahi hata kukulisha. Aliyekufundisha ile picha ni mimi."

"Ungejibu nini?" Anders aliuliza. Hakuwa na ukali tena.

"Ningejibu sijui."

Baba alivaa kofia, akashuka ngazi, akasimama. Akaivua tena.

"Lakini ungeniuliza mimi kwanza, mwanangu," alisema. "Nilitamani sana uniulize mimi."