Mgeni Aliyekataa Kula

Kondakta aliniambia wazi: mbwa hapandi basi. Nikamjibu kwamba na mie sipandi basi, tuone nani atakosa nauli. Nikatembea kwa miguu kutoka Osterbei mpaka Temeke, mimi mbele, Bruno nyuma na kamba yake, jua la utosi, watu wakinitazama kama nimemwiba. Sikumwiba. Mama wa Kizungu niliyekuwa nikimfulia nguo alikuwa amerudi kwao, akamwacha mbwa amefungwa kwenye nguzo ya banda la gari. Mpangaji mpya akasema atawaita watu waje kumpiga risasi. Nilishikwa na hasira, nikaifungua kamba na kuondoka hata aproni sikuvua.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Mimi na mume wangu Polikarpo tulipanga chumba kwa Bi Somoe, mjane wa mwambao aliyezaliwa Temeke hiyo hiyo. Mwanetu Fransis alikuwa ameenda seminari, na nisiseme uongo, chumba kilikuwa kimya mno kwangu.

Bi Somoe alitupokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Mama Fransis, huyo nani?"

"Mgeni wetu."

"Dini yangu unaijua. Hapiti hapo ninaposwalia. Na akinirambia ndoo, nitaiosha mara saba, moja kwa udongo, na maji hayo utayachota wewe." Kisha akainama kidogo. "Lakini masikini, mbona kachoka hivyo? Mpe maji."

Maji alikunywa. Chakula ndiyo ikawa kazi. Nilimpa ugali na kichwa cha samaki, akanusa, akageuza uso, akalala akiitazama barabara. Siku ya pili Polikarpo alirudi kutoka kiwanda cha mbao na nusu kilo ya nyama, nyama ambayo sisi wenyewe mara ya mwisho tuliionja Pasaka. Nikaitia kwenye sahani ya maua, ile tunayoitoa padri akija. Polikarpo akachuchumaa.

"Karibu, bwana. Kula, usione haya."

Tukasimama watu watatu tukimtazama. Bruno akaiangalia nyama, akatuangalia sisi, akaweka kidevu chini. Nyama ile ilifaidiwa na paka wa jirani.

Asubuhi ya siku ya tatu mbavu zake zilihesabika. Nikamwita, hakuamka. Niliogopa sana. Nilikuwa nimemtoa kwenye risasi, nikamleta aje kufa njaa mbele ya sahani, na jambo hilo lilinichoma kuliko ninavyoweza kusema. Nikamfokea, "Kula, mjinga wee!" Halafu nikakaa chini nikalia.

"Labda kwa sababu hujamwandikisha," akasema Bi Somoe. "Mgeni akilala, balozi aambiwe."

Alitaka kunichekesha tu. Lakini Mzee Marijani, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiyo kwanza alikuwa anapita, na mzee yule kwenye mambo ya daftari hakuwa na utani. Akaingia uani, akalifungua daftari lake.

"Jina?"

"Bruno."

"Katoka wapi?"

"Osterbei."

Akaguna. "Kazi yake?"

"Hana kazi, mzee. Na chakula hali. Leo siku ya tatu."

"Huko alikotoka alikuwa anafanya nini?"

Nikafikiri. "Alikuwa analinda. Kutwa anazunguka ua, mpishi anampa chakula akishamaliza."

"Na hapa?"

"Hapa tunamkaribisha. Tunamwekea nyama kwenye sahani."

Mzee Marijani akafunga daftari. "Basi mmemharibu wenyewe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na siku hizi asiyefanya kazi na asile. Huyu mbwa siasa kaielewa kuliko nusu ya mtaa huu."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nikiutazama ua. Katikati palikuwa na jamvi la dagaa wa Bi Somoe, na pembeni yeye mwenyewe na ufito wake, akiwatukana kunguru kama afanyavyo kila siku. Nikamvuta Bruno mpaka karibu na jamvi.

"Hatua tano!" akapiga kelele Bi Somoe. "Udenda wake usifike kwenye dagaa wangu!"

Nikahesabu hatua tano. Nikamfungua kamba. "Linda," nikamwambia, nikaenda kwenye beseni langu la nguo.

Kunguru wa kwanza alitua, akanyakua dagaa, akaruka. Bruno akainua sikio moja. Wa pili akatua kwa maringo, akitembea kama mwenye nyumba. Bruno akachomoka! Akabweka, sauti nene ambayo hatukuwahi kuisikia tangu aje, na kunguru akaacha dagaa pamoja na unyoya wake. Bi Somoe akatupa ufito chini, akapiga kigelegele.

"Mwingine huyo, kulia! Kulia kwako, Bruno!"

Wakaendelea hivyo asubuhi nzima, bibi anaelekeza, mbwa anakimbia, na jamvi hakulikanyaga hata mara moja.

Adhuhuri alikuja kulala kivulini, ulimi nje. Sikumkaribisha. Nilikwangua ukoko wa ugali, nikaumwagia mchuzi uliobaki, nikauweka kwenye mfuniko uliopinda, nikampa mgongo. Kisha nikasikia mfuniko unagonga ardhi, ngo, ngo, ngo. Alikuwa anakula. Furaha niliyoipata siku ile sijui niilinganishe na nini. Bi Somoe akanishika mikono tukacheza pale pale uani, wanawake wazima.

Jioni Polikarpo aliingia mbio na ini limefungwa kwenye gazeti, anaita tangu mlangoni. Bruno alikuwa kwenye mfuniko wake kwa mara ya pili.

"Bruno! Karibu, bwana, leo nimekuletea..."

"Mwache!" Bi Somoe akamkata kauli. "Unamkaribisha wapi? Mtu katoka kazini, anakula kwake."

Ini tulilikaanga, tukalila sisi watatu.