Waliozikwa Mferejini

Uliona, ukageuza shingo. Gari lilipunguza mwendo pale Muleba, ukalitazama lile jeraha jekundu mlimani, kisha ukaendelea na safari yako ya Bukoba mjini. Usiniambie hukuwa na habari. Redio ilisema mvua za El Nino zimebomoa kijiji chetu. Kwa nini maji yalipita pale, redio haikusema, na wewe hukuuliza.

Basi sikia. Juu ya vibanja vyetu, mashamba ya migomba tunamoishi, pale migomba inapoishia na mlima unapoanza, wazee walichimba mfereji wa kuyakata maji yasishuke majumbani. Kila kibanja kilitoa mwanamume wa kwenda kuuzibua kabla ya vuli. Vita ya Kagera ikachukua vijana, wengine hawakurudi. Ukaja ugonjwa ule tuliouita Juliana, Ukimwi wenyewe, ukala waliobaki. Sisi tunazika kibanjani, na vibanja vikajaa. Tulizika asubuhi, tukazika tena jioni, wachimbaji nao wagonjwa, hawana nguvu za kupasua ardhi ngumu. Wakatafuta udongo laini, na udongo laini ulikuwa mferejini. Rugaibula, mume wa Adventina, akazikwa humo. Ndugu zake wakafuata. Nani tena angekwenda kuuzibua?

Mwaka jana mwishoni mlima uliporomoka, nyumba ya Adventina ikaenda. Yeye na mayatima wa wifi yake walikuwa kanisani, wakapona. Kamati ya misaada ikaleta bati. Mkutanoni nikasema tuchimbe kwanza mfereji mpya, juu ya makaburi, ndipo tujenge. Au Adventina ajengewe kule rweya, kwenye uwanda wa majani ya malisho, maji hayafiki.

Mwenyekiti Buberwa akacheka. "Huyu naye. Shule ilimshinda, leo ni injinia wa mlima."

Watu wakacheka naye.

"Bati hizi ni za kurudisha nyumba pale ilipokuwa," akasema. "Habari ya mfereji hatukuletewa."

Adventina akasimama. "Waitu mwenyekiti, pale naogopa. Nipeni hata nusu ya bati, nikajenge rweya."

Shemeji yake Kaijage, ndugu wa Rugaibula aliyebaki, hakungoja amalize. "Nenda, shemeji, ukalale na ng'ombe. Ila aliyeacha makaburi ameacha na kibanja. Nitayapalilia mimi."

"Utapalilia makaburi au utachuma kahawa?"

"Vyote. Mimi si mvivu."

Wakacheka tena. Adventina akaketi, akawatazama wale watoto. Rweya wangelala salama bila ndizi ya kula. Chini wangekula. Akajenga chini, juu ya matope yale yale, bati zikang'aa hata ukiwa ziwani unaziona. Watu wa misaada wakaja wakampiga picha mlangoni.

Masika ikamkuta humo. Mlima ulishuka mchana, watoto wamekwenda kuchota maji. Nilichimba mpaka nikagusa nguo, nikadhani nimemfikia. Lilikuwa blanketi lililooza, na mifupa ndani yake. Nikasogea pembeni, nikakuta blanketi jingine. Makaburi yote ya mferejini yalikuwa yameshuka yakaingia nyumbani mwake. Jioni tukampata Adventina mwenyewe. Kifuani amelaliwa na msalaba wa saruji wenye jina la mumewe.

Nilikaa kwenye matope.

Nawe ungedhani imetosha. Matanga hayajaisha, Buberwa amerudi na bati nyingine, na nguzo zimesimama pale pale. Safari hii nyumba ni ya Kezia, mkubwa wa mayatima. Wanasema akae humo na wadogo zake, akilinde kibanja, Kaijage asikichukue. Wanasema hivyo kwa huruma kabisa, macho yamewajaa machozi, na nyundo wameshika.

Jumamosi wanaezeka. Wahi kabla yao. Njoo na jembe au koleo, mwanamume au mwanamke, tupande mpaka juu ya yale makaburi tukate mfereji mpya. Wengine mng'oe zile nguzo mzipeleke rweya pamoja na bati, nyumba ya watoto isimame huko. Kisha msimame mbele ya Buberwa, Kaijage akisikia, mseme kibanja ni cha Kezia hata asipolala humo, ndizi na kahawa atachuma yeye. Msiondoke mpaka Buberwa akubali mbele ya watu.

Mvua bado inanyesha na watoto wale wako chini ya mlima. Weka karatasi hii chini, uondoke sasa hivi.