Kijiko cha Chai

Itangazwe kwa kila mwenye masikio: katika darasa la sita hapakuwahi kutokea, wala hapatatokea, mwandishi wa kumfikia Bingwa. Mtangazaji alikuwa Bingwa mwenyewe, kaptula yake imeshikwa na pini.

Mwalimu wa lugha alikuwa shangazi yake, na insha za Bingwa ndizo zilizosomwa mbele ya darasa. Kisha akahamia binti mmoja mkimya, mwembamba hata wakamwita Sindano. Shangazi alisoma mistari miwili tu ya insha yake, akacheka kwa raha mpaka akafuta machozi. Tangu hapo wivu ulimkwama Bingwa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki ile walijifunza kuandika maelekezo. Mwalimu alileta jiko, kikaango na mayai, akasema yeye leo ni mpishi mtiifu asiye na akili: kilichoandikwa atakifanya, kisichoandikwa hakijui. Mtoto wa kwanza aliandika “weka yai kwenye kikaango”. Likawekwa na ganda lake. Wa pili akaandika “piga yai”. Mwalimu akalizaba kofi, akaliuliza kama limetubu. Bingwa alianza kwa kumsifu kuku, ndege mtukufu, akamaliza kwa kuwakaribisha wageni mezani. Jiko hakuliwasha.

“Na moto, baba?” shangazi aliuliza, na darasa likaangua kicheko.

Ikabaki zamu ya Sindano. Aliandika yake ubaoni wakati wa mapumziko, akatoka kunawa mikono, Mwalimu akiwa bado ofisini. Bingwa akanyemelea kusoma. Alitafuta kosa, hakuliona. Yai lilivunjwa, bakuli lilikuwepo, hata kiberiti hakikusahauliwa. Mwishoni paliandikwa: “Weka chumvi, robo ya kijiko cha chai.”

Akalamba kidole, akafuta maneno ya mwanzo, akaandika upya “weka” karibu na kijiko. Ikasomeka: “Weka kijiko cha chai.”

Waliporudi, Mwalimu alipika hatua kwa hatua, yai likatoka la dhahabu. Alipofika mwisho alisita kidogo, akafungua kopo lake la majani ya chai, akachota kijiko, akanyunyizia. Akaonja. Alitafuna kama mbuzi aliyekosa shukrani. Darasa likavunjika mbavu, naye Sindano akaukodolea ubao macho.

Hapo Bingwa angenyamaza angekufa mzee na heshima zake. Lakini ushindi una kiherehere.

“Si angeweka chumvi,” alisema. “Tena robo tu.”

Mwalimu akaacha kutafuna. “Robo umeitoa wapi, baba?”

Vichwa vikageukia ubao.

“Niliandika robo,” Sindano alisema polepole. “Niliandika na chumvi.”

Bingwa alitafuta uongo wa kufaa, naye kwa uongo hakuwa maskini, ila siku hiyo haukuja hata mmoja.

“Nimefuta mimi,” alisema. “Insha zangu unazisifu tu, shangazi. Zake unazicheka mpaka machozi.”